Yesu wa Ignasi na Yesu wa Delfina

Mkunazini, Unguja
3 Machi 2025

Ignasi mdogo wangu,

Basi kama nilivyokuwa nnakwambia kabla hujanikatia simu: mchwa. Mchwa, Ignasi! Mie sikuwa nnasema siasa, nilikuwa nnasema mchwa, wewe ukasikia tu jina la mwanao ukakata. Haya, tuandikiane. Barua huikati, hata ukiichana utakuwa ushaisoma.

Salamu kwanza, tusiwe kama watu wasio kwao. Mie mzima, goti tu na hizi ngazi. Waislamu wameanza kufunga juzi, sisi Kwaresima keshokutwa, kwa hivyo mtaa mzima huu hakuna pa kutafuna hata njugu. Kofia za Idi zimenielemea, nnashona mpaka vidole vimekuwa kama chujio la chai. Bashira wa chini kaniletea futari tangu siku ya kwanza. Nnamwambia mie sijaanza kufunga, ananambia, "Wewe kula, Mungu atajua la kufanya." Mwanakhamis wa nyumba ya kona kaachwa mara ya pili, mume kahamia Fumba kwenye majumba mapya, na si peke yake, lakini hilo refu, siku nyengine.

Sasa mchwa. Jumamosi nilikwenda makaburini Mbweni kumfagilia mama. Ule msalaba wa mbao tuliomzikia umeliwa. Selestina imebaki Sele. Mpita njia atadhani kalala Suleiman! Nilicheka peke yangu pale, halafu nikalia, halafu nikakasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Mwaka ushapita tangu tumzike. Msalaba wa saruji ushatengenezwa, Mbarouk fundi kaumaliza tangu Januari, uko Kikwajuni uwanjani kwake umeegemea ukuta pamoja na masinki ya kufulia. Watu wanamtania, "Mbarouk, umebatizwa lini?" Na yeye anangoja. Na mie nnangoja. Desturi ya kwetu unaijua: msalaba wa kudumu anausimika mtoto wa kiume kwa mikono yake, siye wengine kazi yetu kuimba. Wewe ulimsimikia baba kabla hujaondoka. Mama hana mtoto mwengine wa kiume. Masika hii inakuja, baada ya mvua sijui kama nitalijua kaburi.

Unasema huji maadamu mwanao Delfina yupo. Yupo, atakwenda wapi, kaja kumzika bibi yake badala yako, kakaa. Siku mbili kwangu, siku tano Matemwe kwa wanawake wa mwani. Yeye kaandika kwenye grupu la ukoo kwamba umemwacha Yesu umeshika mwanasiasa. Wewe ukaandika kwamba yeye si Mkristo tena, ni mtu wa mrengo wa kushoto, ukatoka kwenye grupu, na mie ukaniacha humo na salamu za Ijumaa za watu. Mie hii kulia na kushoto mwanzo nilidhani mnasema viti vya kanisani.

Njoo usimike msalaba. Mkigombana mtagombana baadaye, chakula kitakuwepo.

Dada yako,
Perpetua


Houston, Texas
20 Aprili 2025, Siku ya Pasaka

Dada Perpetua, shikamoo.

Bwana Yesu kafufuka. Barua yako niliipata, ilikaa sana njiani. Mimi ni mzima, kazi ya kuezeka mapaa inaendelea, jua la huku si la mchezo. Nisalimie Bashira. Mwambie urojo wake nauota.

Kuhusu msalaba nimesikia. Inaniuma, usidhani hainiumi.

Lakini dada, wewe unasikia upande mmoja kwa sababu upande huo unalala kwako. Huku mambo hayako kama huko. Huku wapo watu wanaosema mtoto aliye tumboni si mtu. Wapo wanaosema mume na mke ni mambo ya kizamani. Wapo wanaotaka serikali iwalee watu wazima kutoka asubuhi mpaka jioni, mtu asitoke jasho. Kanisa langu linasimama kukataa, na wanaosimama nalo kwenye siasa ni mrengo wa kulia. Si kosa langu. Kumsaidia maskini Yesu alimwambia mtu, kwa moyo wake, hakumwambia mkusanya kodi. Nchi hii ilijengwa na Wakristo, na asiyependa ana kwao.

Delfina nilimlea kwenye kanisa hilohilo. Alipokuwa na miaka saba wale akina mama ndio waliomsuka nywele, walijifunza kusuka kwa ajili yake. Leo anawaita wanafiki mbele ya ukoo mzima. Aombe radhi.

Kuja mwaka huu haiwezekani. Mbarouk aniwekee mpaka mwakani.

Mdogo wako,
Ignasi


Mkunazini
12 Mei 2025

Ignasi,

Marahaba. Mvua inapiga mpaka ukuta wa jikoni umeota ukungu, nguo hazikauki, kikapu nikikiteremsha dirishani kuvuta mkate unapanda mkate maji. Bashira hajambo, anasema urojo uje uunywe mwenyewe. Mwanakhamis karejewa! Mume karudi na godoro kichwani, mtaa mzima madirishani. Nnakwambia tulikosa tu karanga.

Barua yako nimemsomea Delfina. Usinune, nisingemsomea ungesema nnasikia upande mmoja. Ilikuwa Jumapili tumekaa barazani, Bashira anachambua mchele. Mwanao kawaka! Na kile Kiswahili chake cha kuokota: "Shangazi, Yesu alilisha watu maelfu, hakuuliza nani kafanya kazi! Yesu mwenyewe alikuwa mkimbizi, kakimbizwa Misri mtoto mchanga! Yesu ni wa kushoto!"

Bashira kaacha mchele, kauliza, "Kwani Nabii Issa anagombea jimbo gani?"

Tulicheka mpaka Delfina naye kacheka, kwa kununa lakini. Nikamwambia, baba yako kwenye hilo la mtoto wa tumboni mie niko naye, kiumbe cha Mungu hakitupwi. Akanitazama kama nimemtia kisu. Nikamwambia na wewe hilo la mgeni na mwenye njaa niko nawe, mtu haachwi mlangoni. Akasema, "Shangazi, chagua." Nichague nini? Mmechukua doti moja ya kanga mmeikata, wewe umejifunga upande wako, yeye kajitanda wake, kila mmoja anapita uchi nusu na anamcheka mwenzake. Mie nnataka doti nzima.

Lakini wewe umenikera zaidi, nnakwambia kweli. "Asiyependa ana kwao." Ignasi! Mkono wako huo umeandika? Umesahau tumezaliwa wapi? Hapa siye Wakristo tukikusanyika wote hatujazi uwanja wa mpira. Siku ya mama, jeneza lililotoka nyumba hii kupita vichochoro hivi, gari isipopita, lilibebwa na nani? Mbarouk na wenzake, kofia kichwani, kofia nilizozishona mie. Walinikataza nisipike siku tatu, sufuria zinapanda ngazi kutoka kila nyumba. Wangekaa kitako wakasema nchi hii ya Waislamu, asiyependa ana kwao, mie ningekwenda wapi? Kwetu wapi? Babu wa babu yetu kaletwa hapa na minyororo, hakuulizwa kwao wapi.

Na hiyo "haiwezekani" yako mie siielewi. Nauli? Sema. Kazi? Sema. Mtu haambii mama yake "haiwezekani" akaweka nukta.

Perpetua


Houston
29 Juni 2025

Dada, shikamoo.

Nashukuru kwa habari. Mimi mzima.

Si nauli. Usiniulize zaidi, nakuomba. Kuna mambo mtu hawezi kuyaandika. Kama Delfina ameanza kusema maneno, mwambie aliniapia.

Niombee.

Ignasi


Mkunazini
21 Julai 2025

Ignasi, Ignasi, Ignasi.

Baridi imeingia, kusi linavuma, watu hawajambo, Bashira anakohoa tu. Basi, salamu zishakwisha.

"Mwambie aliniapia." Umeniandikia hivyo halafu unategemea mie nifanye nini, nikunje barua nikoshe vyombo? Nilipanda gari mpaka Matemwe siku hiyohiyo, kofia ya watu nimeiacha na sindano ndani. Nimemkuta Delfina ndani ya maji mpaka magotini, anafunga mwani kwenye kamba na kina Mwanapili. Nikamwita kutoka ufukweni. Hataki kutoka. Nikaingia na gauni.

"Uliapa nini?"

"Shangazi, nimemuapia baba."

"Mie nani? Shangazi ni baba mwanamke. Ukiniambia mie hujatoka nje ya baba yako."

Akasema kimombo kidogo, akalia, akanambia. Kwamba huna makaratasi. Kwamba viza uliyoingilia imekwisha yeye hajaanza skuli, na ukitoka leo hurudi tena. Kwamba siku mama anafariki ulikuwa ushafunga sanduku, umekaa juu yake mpaka kumekucha, ukalifungua. Kumbe huko kote kugombana kulikuwa pazia! Huji si kwa sababu Delfina yupo. Huji kwa sababu huwezi. Na umemwacha mtoto abebe lawama mwaka mzima mbele ya ukoo kwamba yeye ndiye kamzuia baba kumzika mama. Na yeye kanyamaza. Kanyamaza, Ignasi, yule asiyejua kunyamaza!

Sasa nieleze mie mjinga niliyeishia darasa la tano. Wanaotaka watu kama wewe wafukuzwe, wewe ndiye unayewapigia makofi? Unakaa kwenye kiti chao unasema amina? Delfina anasema hilo ndilo linalomuua. Si kodi, si nini. Kila akiona kwenye simu watu wanachukuliwa makazini, anatafuta uso wako, halafu anafungua ukurasa wako anakuta umesifu.

Nina hasira, na nina huruma, na sijui nianze na ipi. Nimeshona kofia nzima viua kinyumenyume nimelazimika kufumua.

Jibu, na usijibu mistari minne.

Perpetua


Houston
17 Agosti 2025

Dada yangu, shikamoo.

Mambo hayo usiyaandike tena. Barua zinafunguliwa. Sijui kama zinafunguliwa, lakini naogopa, na ndivyo ninavyoishi.

Nitakwambia mara moja. Nilipofika sikuwa na mtu. Mamake Delfina alipoondoka akaniachia mtoto mchanga, nililala naye garini. Aliyegonga kioo cha gari alikuwa mzee wa kanisa hili. Alinipa chumba, akanipa kazi, mpaka leo naezeka naye. Anajua hali yangu. Wengi pale wanajua. Nilipovunjika mkono walikuja kwa zamu na supu, wiki nzima. Halafu siku ya kura wanakwenda kumchagua anayesema watu kama mimi waondoke. Nilimuuliza mzee. Akasema, "Hatukusudii wewe, Ignasi."

Na upande wa Delfina wanaandamana kwa ajili yangu, na mabango. Hakuna hata mmoja anayejua jina langu. Sasa niambie, dada, nikakae wapi? Wanaonijua wanapiga kura nitoke. Wanaopiga kura nibaki hawanijui. Mimi nimekaa palipo na supu. Na yale ninayoyaamini nayaamini kweli, usidhani nimenunuliwa.

Delfina kazaliwa huku, na alipotimiza ishirini na moja alikuwa na haki ya kuniombea makaratasi. Alikuja na kalamu. Siku hiyohiyo alilitukana kanisa mezani pangu. Nikamwambia sitaki saini yake. Miaka mitatu sasa. Ningekuwa nimekuja kumzika mama.

Mpe yeye msalaba ausimike. Najua desturi. Wazee wakisema, waambie mwenye zamu kasema. Mnipigie mkiwa mnasimika, nitapokea. Ila asihutubie kaburini.

Ignasi


Mkunazini
28 Septemba 2025

Mdogo wangu Ignasi,

Wewe ulisikia kwa simu tu, acha nikupe kwa macho, maana simu yangu tangu jana si yangu, mmeichukua nyinyi wawili, mie nimebaki na kalamu.

Mzima mie. Huku kampeni, magari ya vipaza sauti yanapita mpaka kuku wameacha kutaga. Mwanakhamis kaachwa tena, hatuhesabu tena. Padri kakusalimu.

Basi jana. Mbarouk kauleta msalaba kwa gari ya mbao, kaufunika turubai kama bibi harusi. Wazee wa Mbweni walinung'unika, mtoto wa kike tena mjukuu, tangu lini? Nikasema mwenye zamu kasema. Mmoja akauliza, "Na mwenye zamu yuko wapi?" Delfina kainua simu juu, ukasema, "Shikamooni," basi wazee wote wakaitika, "Marahaba."

Kachimba mwenyewe. Hakukubali kusaidiwa, mikono ile ishakomazwa na kamba za mwani. Mbarouk kamshikia tu usikae upande. Simu tukaiweka juu ya kaburi la baba, nimeitandikia kanga yangu. Tukaimba. Nawe ukaimba, lakini mtandao ule, sauti yako inafika nyuma mstari mzima. Sisi tukamaliza, wewe bado uko ubeti wa mwisho, peke yako, unaimba kutoka kaburi la baba. Mbarouk kavua kofia, baadaye kakumbuka akaivaa. Nilimtazama Delfina, mikono yote saruji, machozi hawezi kufuta, yanashuka tu.

Akasema, "Baba, msalaba umesimama." Ukasema, "Ahsante, mama." Mkalia. Nikasema ndani ya roho, Mungu wangu, imekwisha.

Imekwisha wapi! Hata saruji haijashika. Delfina kasema, kwa upole lakini, "Bibi alilisha kila mtu, hakuuliza mtu makaratasi." Nawe huko, "Alilisha kwa jasho lake, mwanangu, si kwa kodi ya mtu." Yeye, "Sasa asiye na bibi ale wapi?" Wewe, "Ndiyo kazi ya kanisa!" Yeye, "Kanisa lipi, baba, hilo linalotaka ufukuzwe?" Wewe, "Hilo lililokusuka nywele!" Juu ya kaburi! Padri yupo na maji ya baraka mkononi hajui amnyunyizie nani, amnyunyizie simu? Mbarouk kanisogelea, "Bi Perpetua, mie nnataka kusafisha mwiko, hawa watakubaliana leo?" Nikamwambia Mbarouk mwanangu, safisha mwiko.

Nilikasirika, Ignasi. Nilipofika nyumbani nilitupa mtandio. Mwaka na nusu nnabembeleza watu wasemezane, wamesemezana, na hii ndiyo sauti yake! Usiku mzima mmegombana, mkachoka? Hapana, kumekucha mmeanza tena, kabla ya misa. Delfina katoka misani, mmeanza tena. Nikamuuliza, kwa hiyo lile la saini je? Kanambia Januari anarudi huko kukutilia saini, kwani ushamwambia ndiyo, mlikubaliana jana garini wakati wa kurudi, katikati ya ugomvi, nyinyi wenyewe hamkuona hata la kunambia. Mie nimekaa mbele na dereva sijasikia! Nimefunga mwezi mzima kwa ajili ya neno hilo, limepita nyuma ya kichogo changu.

Sasa nnaandika, na nyinyi mko ukumbini, yeye anatembea huku na huku na simu, sauti yako inatoka humo kama redio. Nilitaka kukwambia jambo moja tu la maana, nimelifikiria tangu jana, nalo ni hili, kwamba Yesu

Haya, anapiga kelele. "Shangazi! Shangazi njoo! Baba anasema bibi angekuwa wa mrengo wa kulia, njoo umwambie!" Mshachoka kumgombania Yesu, sasa mama yangu! Naam! Naam, nnakuja! Ngoja nije niwaambie mie huyo mama alikuwa